Jiwe la Kagoma: Kumuaga Dereva Wetu, Mzee Joackim Karugendo

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Mzee Joackim Karugendo atakabidhi funguo za lori na kustaafu rasmi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili, miezi mitatu na siku ishirini na sita tangu aajiriwe na Rasiklal na Mwana, wauzaji wa vifaa vya ujenzi hapa Bukoba mjini. Ofisi imeandika hivyo kwenye cheti chake. Yeye mwenyewe amekikataa. Anasema ipunguzwe miezi minane, kwa sababu miezi hiyo hakuwa kazini, alikuwa gerezani, na hataki cheti kimfichie jambo ambalo yeye hajawahi kulificha.

Mkurugenzi wetu, Nirav, alinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Alitaka ukurasa mmoja, wa kuchangamsha, wenye vichekesho viwili au vitatu. Vichekesho vipo, msiwe na wasiwasi. Ila wengi wenu mliokuja miaka ya karibuni mnanijua tu kama Benigna wa stoo, yule anayewakemea mkikanyaga mifuko ya saruji. Hamjui kwamba marehemu baba yangu, Clavery, alikufa kwa jiwe aliloliacha Mzee Karugendo barabarani. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne. Nina maneno mawili ya kumfikishia, moja la mama yangu na moja langu, na yote mawili nimeshindwa kumwambia ana kwa ana. Akishakabidhi funguo atakuwa ameondoka, na mimi nitabaki nayo kifuani. Ndiyo maana nimekubali kuandika.

Nilimwomba ruhusa kwanza. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata baada ya kuwa safi. Akasema niandike yalivyokuwa, kwa sababu yakiandikwa mengine huo utakuwa wasifu wa mtu mwingine.

Alizaliwa Kamachumu mwaka 1965, katika nyumba ya watoto wanane, kwa wazazi wakulima wa migomba na kahawa. Alijifunza udereva kwenye gari la misheni, na ufundi aliupata kwa kuchungulia tu chini ya magari ya watu. Marehemu Mzee Rasiklal alimwajiri tarehe mosi Machi 1993 baada ya kumfanyia usaili wa ajabu: alimpa lori lililogoma kuwaka, akakaa kwenye kiti nje ya duka na gazeti lake. Kijana Karugendo aliliwasha kabla mzee hajafika ukurasa wa michezo. Mzee Rasiklal, ambaye Kihaya chake kiliwazidi Wahaya wengi wa leo, alimwambia aje kesho yake na viatu vya kufungwa, si malapa.

Lori hilo la bluu tuliliita Bibi. Lilikuwa na hasira za kibibi kweli: halipendi asubuhi ya baridi, halipendi mlima, na likishasusa halisikii la mtu. Karugendo aliendesha Bibi miaka kumi na moja, akipeleka bati, misumari na saruji Kemondo, Muhutwe, Kagoma na Muleba. Siku hizo barabara ilikuwa ya changarawe, na dereva alikuwa fundi wake mwenyewe. Gari likizimika mlimani, desturi ilikuwa ileile mnayoijua. Mtu anaruka chini na jiwe kubwa, analiweka nyuma ya tairi lisirudi. Mwingine anakata matawi na kuyatupa barabarani kama onyo. Gari likipona, watu wanapanda, linaondoka. Matawi yanabaki, na mawe pia yanabaki. Ukipita barabara yoyote ya Kagera uyakute mawe mawili yamekaa katikati kama mafiga, ujue kuna dereva aliyefurahi kupona akasahau.

Karugendo hakusahau, na hapo ndipo ugumu wa habari hii ulipo. Ilikuwa Novemba 1999, msimu wa senene na wa mvua. Bibi alikuwa na saruji ya kujenga nyumba ya walimu huko Muleba. Kwenye kilima kabla ya Kagoma, boliti za propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, zilikatika. Wapakiaji waliweka mawe mawili nyuma ya magurudumu. Karugendo alilala chini ya gari saa mbili nzima, akafunga boliti mpya, na jua lilikuwa linashuka alipowasha injini. Kwenye kilima kile, lori lenye mzigo likishaanza kupanda husimami. Akapanda nalo moja kwa moja mpaka juu kwenye tambarare. Pale juu akayakumbuka mawe. Ni dakika kumi kwa miguu, kushuka na kupanda. Wakati huohuo tone la kwanza la mvua likapiga kioo.

Nawaomba vijana mwelewe jambo moja. Wakati ule Mzee Rasiklal alikuwa na sheria ya chuma: dereva atakayelowesha saruji asirudi na lori, arudi na barua ya kuacha kazi. Turubai la Bibi lilikuwa na matundu. Karugendo aliangalia mawingu, akaangalia turubai, akakanyaga mafuta. Mahakamani baadaye, wakili alimshauri aseme alipitiwa. Hakukubali. Alisema aliyakumbuka mawe, akachagua saruji.

Asubuhi yake, kabla jua halijatoka sawasawa, baba yangu aliteremka kilima kile kwa baiskeli akiwa na mikungu miwili ya ndizi nyuma, anawahi soko la Muhutwe. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Alikuwa mwendeshaji hodari, kilima kile alikijua tangu utoto wake, na ndiyo maana hakukamata breki. Jiwe moja lilikuwa limebaki kwenye njia ya baiskeli. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, nilikuwa nyumbani nikimsubiri arudi na daftari la hesabu alilokuwa ameniahidi.

Saa nne Bibi akawa anarudi kutoka Muleba, mtupu, saruji imefika kavu. Karugendo akakuta watu wamejaa njiani, baiskeli imepinda, ndizi zimetawanyika mpaka kwenye mtaro. Akaliona jiwe. Watu wakamsimamisha wakamwomba awasaidie gari, maana marehemu alikuwa mzito na kwake ni mbali. Akakubali. Akamleta baba yangu nyumbani kwenye lori lilelile. Aliingia kibanjani taratibu asiharibu migomba, akasaidia kumshusha, akavua kofia. Mama yangu, Edvina, alitoka mbele ya watu wote, akamshika mikono yote miwili, akapiga goti akamwambia, "Wakola, waitu. Mungu akulipe." Nilisimama pembeni ya mama na niliusikia mwenyewe ule wakola. Ni asante yetu ya Kihaya, waitu ni la heshima, na mama aliitoa kwa moyo wote. Karugendo hakujibu neno. Tukasema ni mtu wa huruma, amelemewa na msiba usio wake.

Siku kumi na tisa baadaye alirudi kwa miguu. Alikuwa amekwisha pita kwa paroko na kwa Mzee Rasiklal, na siku ileile akitoka kwetu alikwenda polisi. Alisimama uani akasema kila kitu: boliti, mawe, mvua, saruji, na kwamba alipombeba baba alikuwa anajua. Wajomba walinyanyuka na mapanga. Mama ndiye aliyewazuia. Hakumtukana, hakulia. Alimwambia aondoke, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alihukumiwa miezi kumi na miwili, akatumikia minane. Siku ile ya hukumu Mzee Rasiklal alikuwa amekaa benchi la nyuma. Aliporudi dukani aliichana ile sheria ya saruji iliyokuwa ukutani, na aliyeingia kumuuliza bei ya bati alijibiwa kesho. Nirav alikuwa mvulana wa shule na aliona kwa macho yake. Ameisoma aya hii kabla haijachapwa, na nilidhani ataifuta. Ameongeza nukta moja iliyokosekana, basi. Lori halikupewa dereva mwingine wa kudumu miezi yote minane. Karugendo alipotoka alikuta kazi yake inamsubiri, akasema hataki kuendesha tena. Mzee Rasiklal akamjibu kwamba dereva anayeogopa jiwe ndiye anayemhitaji.

Kuanzia hapo ndipo anapoanza Karugendo mliyemzoea, yule mkali wa kabari. Alichonga kabari za mbao mwenyewe, mbili kwa kila gari, akazipaka rangi nyekundu, akazifunga kamba, na ncha ya kamba akaifunga kwenye mpini wa mlango wa dereva. Maana yake ni kwamba huwezi kufunga mlango ukaondoka bila kuziokota. Watu wa karakana nyingine walicheka wakasema gari la Rasiklal limefungwa kama mbuzi. Mbuzi au si mbuzi, tangu mwaka 2000 gari letu halijaacha hata kokoto barabarani.

Halafu kuna lile somo la Jumatatu. Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, chai haijachemka, madereva na wapakiaji wanasimama uani na Mzee anaanza. Gari hufa kama mtu, linatoa dalili kwanza, kwa hiyo usingoje lizimike katikati ya barabara; ukilisikia linakohoa washa taa za dharura na utumie nguvu iliyobaki kulitoa pembeni, kwenye tambarare, mbali na kona. Watu wote washuke upande wa mtaro, si upande wa magari, wapande ukingoni wakae huko, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni mke wa waziri. Kabari kwanza, kisha pembetatu nyekundu, tena uipeleke hatua sitini nyuma ukiwa umeishika mbele yako ili anayekuja akuone. Kukiwa na kona, iweke kabla ya kona, maana pembetatu iliyojificha ni pambo. Usilale chini ya gari miguu ikiwa barabarani. Usifungue rejeta likiwa la moto. Na ukishapona, tembea kule nyuma mwenyewe kwa miguu yako, uokote ulichoweka na alichoweka mwenzako. Somo hili nimelisikia si chini ya mara mia sita kupitia dirisha la stoo, na ninaweza kulisoma usingizini.

Sehemu ile ya mwisho, ya kutembea kule nyuma, alikuwa anaisema akiangalia chini. Vijana walidhani ni mazoea tu.

Somo lilisambaa. Bodaboda wa Kashai walianza kuja kusikiliza, kwanza kwa ajili ya chai, baadaye kwa ajili ya somo. Mwaka jana kikundi chao kimoja kilimwalika awafundishe kijiweni kwao, akaenda amevaa tai. Akawauliza pikipiki ikikatika mnyororo kwenye lami wanafanya nini. Mmoja akajibu kwamba anapiga simu kwa mke wake. Mzee alimpa maksi nusu, akisema angalau mke atajua mahali pa kuja kuchukua mwili. Hakuna aliyecheka sana.

Mtu wa kutoa ushahidi kuhusu mafunzo haya ni Hamidi, dereva wetu wa Fuso. Mwaka 2017 walikuwa pamoja karibu na Muhutwe, tairi la nyuma likapasuka. Mvua inanyesha. Hamidi na wapakiaji wawili walikaa kwenye bodi la nyuma, miguu inaning'inia, wanakula miwa. Mzee akawafukuza kama kuku mpaka juu ya ukingo. Walilalamika, wakalowa, wakamwita majina ambayo hayaandikiki kwenye ratiba ya sherehe. Hata miwa ilikuwa haijaisha. Lori moja lisilo na breki likaja, likazoa pembetatu, likagonga bodi lile la nyuma palepale walipokuwa wamekaa. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Fuso. Hamidi mpaka leo hawezi kuisimulia habari hiyo akiwa amekaa. Atainuka kwanza.

Nirav naye ana malalamiko yake, na ni ya haki. Mzee Karugendo hapiti jiwe. Akiliona limeachwa barabarani na dereva yeyote wa kampuni yoyote, atasimama, atawasha taa, ataweka pembetatu yake, atashuka kuliondoa. Safari ya Muleba ambayo wengine huimaliza kwa saa moja na nusu, yeye humchukua asubuhi nzima. Wateja walikuwa wakipiga simu kuuliza saruji iko wapi, na mimi nikijibu kwamba dereva yuko kwenye mawe. Kuna mmoja wa Kagoma aliyedhani tumefungua machimbo.

Kituko chake kikubwa kilikuwa cha ziwani. Mwaka 2014 tulipata oda ya bati za kujengea kambi ya wavuvi kisiwani Goziba, na Mzee akaamriwa kusindikiza mzigo kwenye boti. Mtu wa milimani huyu, maji anayoyapenda ni ya kwenye kikombe. Katikati ya ziwa injini ikazimika. Wavuvi wakatulia, wengine wakalala, maana kwao ni jambo la kawaida. Mzee akiwa amekumbatia bati, amelevywa na mawimbi, akamwita nahodha akamuuliza kwa upole pembetatu wameiweka umbali gani nyuma. Kisha akataka abiria wote washuke upande usio na magari. Nahodha alicheka mpaka akakaa chini. Injini ilipowaka, Mzee akageuka akatazama nyuma majini kwa muda mrefu, kuhakikisha hawakuacha kitu.

Sasa nirudi kwenye yaliyo yangu. Mwaka 2011 tangazo la karani wa stoo lilipotoka, mama alinikataza kuomba. Niliomba. Nisidanganye kwamba nilikuja kwa ajili ya kazi peke yake; nilikuja kumchunguza. Nilitaka nimkute mlevi, au mkorofi, au mtu anayecheka sana. Siku ya kwanza alisoma jina langu kwenye fomu ya kutolea mzigo, Benigna Clavery, akaiweka mezani, akatoka. Alikaa chini ya lori mpaka saa saba mchana, na lori lilikuwa zima. Kwa wiki nzima akawa anamtuma Hamidi kuchukua fomu. Wiki ya pili aliingia mwenyewe, akasimama mlangoni, akanisalimia. Nikaitikia. Ndivyo tulivyoanza, na kwa miaka kumi na minne hatukuenda mbele zaidi ya hapo. Tulikunywa chai meza moja. Alinirekebishia baiskeli, na kabla ya kunirudishia aliijaribu breki mara ishirini. Nilipojifungua alinitumia mkungu wa ndizi na maziwa kupitia kwa mkewe, Mama Celina. Kuhusu baba hatukusema kitu.

Huko nyumbani mambo yalikuwa hivyohivyo. Kila Novemba, tangu alipotoka gerezani, Mzee alikuja kibanjani kwetu Kagoma na mzigo wa nyasi. Alitandaza nyasi kwenye shina la kila mgomba, akapogoa majani makavu, akasimama uani kuaga. Mama aliitikia salamu yake, kwa sababu kwetu salamu haiachwi chini, kisha akaingia ndani. Hakuwahi kumkaribisha maji. Kibanja chetu kilikuwa kinapendeza kuliko vyote vya jirani, na majirani walimsifu mama kwa bidii. Hayo nayo yalimuudhi.

Mama aliugua tangu Januari mwaka huu. Tulimzika tarehe 12 Aprili, pembeni ya baba. Mzee Karugendo alikuja, akachimba kaburi na wanaume wengine tangu asubuhi, akarudi mjini bila kula. Jumatatu iliyofuata hakutoa somo. Niliingia karakana nikamkuta amekaa kwenye tairi, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kwa nini alimbeba baba yangu bila kusema. Alisema, "Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama yako akapiga goti, akanishukuru. Ningeanzia wapi?" Akaongeza kwamba haombi chochote kwangu, wala hakuwahi kuomba kwa mama, kwa sababu anayeomba anamchosha aliyefiwa. Nilitaka kumwambia niliyokuwa nayo. Badala yake nikamuuliza kama Fuso itatoka saa tatu.

Mpaka hapo nimewaandikia ninyi nyote. Yaliyobaki ni yako, Mzee Karugendo, na naomba anayesoma ratiba hii kwa sauti siku ya sherehe asiyaruke.

Mama aliniachia neno lako wiki mbili kabla hajafariki. Nilimuuliza waziwazi kama amekusamehe, na aliniambia nikufikishie hivi: "Mwambie jiwe nilimsamehe mwaka uleule. Hata mimi nina watoto, najua kuogopa kufukuzwa kazi. Lakini nilimpigia goti mbele ya ukoo mzima, naye akaniacha nikapiga. Hilo nimejaribu, limenishinda. Mwambie nilijaribu."

Nimekaa na neno hilo tangu Machi. Nilifikiri nikuletee nusu yake tu, ile tamu, ustaafu ukiwa mwepesi. Nimeona nikifanya hivyo nitakuwa nimekubeba kama ulivyombeba baba yangu, huku nikijua nisiyokwambia. Kwa hiyo lichukue lote. Hakukusamehe yote. Siwezi kulikamilisha kwa niaba yake, nisingethubutu, na nimelia kwa ajili yenu wote wawili, kwa sababu mlizeeka mkitazamana uani mwaka hadi mwaka na hakuna aliyejua amwanzeje mwenzake.

Neno la pili ni langu. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa na nilinyang'anywa baba, na hiyo ni sehemu yangu peke yangu, hakuna wa kunizuia kuitoa. Nimekusamehe, Mzee Karugendo, jiwe na kunyamaza, vyote viwili. Nilikuwa nimekwisha kusamehe zamani, nadhani tangu mwaka wa tatu wa chai zetu, na nikanyamaza miaka kumi na moja nikikuona unainama barabarani kila siku. Nilikuwa najua na sikusema. Kwa hilo ninaomba na wewe unisamehe.

Kwa niaba ya Nirav na familia yake, ya madereva, wapakiaji na sisi wa stoo, tunakushukuru kwa utumishi wako. Tunamshukuru Mama Celina aliyekungoja siku zote ulizochelewa kwa ajili ya mawe ya wengine. Rudi Kamachumu ukapumzike. Tunakutakia afya, wajukuu wasumbufu, na usiku wa kulala mpaka asubuhi.

Benigna Clavery
Karani wa Stoo